Barua ya Kusamehewa: Michezo kwa Watoto Wote katika Shule za Ngagara

Washiriki wa semina hii hawahitaji kuelezwa maana ya elimu ya viungo. Ni somo kama hesabu na Kirundi, na lina kipindi chake kwenye ratiba. Ulemavu nao umekwisha kufafanuliwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Burundi iliuridhia mwaka 2014. Kifungu cha 30 kinataja waziwazi michezo ya watoto shuleni. Sheria namba 1/03 ya tarehe 10 Januari 2018 ikaja kuzitia nguvu haki hizo nchini. Kwa upande wa maandishi, kazi kubwa imefanyika na waliohusika wanastahili shukrani.

Mada hii inahusu karatasi nyingine, ndogo kuliko hizo: barua ya kusamehewa michezo.

Mzazi wa mtoto mwenye mguu uliopooza, au asiyeona vizuri, huja nayo siku ya kuandikisha. Wakati mwingine shule yenyewe ndiyo huiomba. Ina muhuri, na inasema mtoto asishiriki mazoezi. Mazoezi gani? Kwa muda gani? Haisemi. Mtoto aliyevunjika mkono huandikiwa wiki kadhaa, akipona anarudi uwanjani. Mwenye ulemavu huandikiwa mara moja tu, na barua hiyo humfuata mpaka darasa la tisa.

Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Daktari anaogopa mtoto asije akaumia, mzazi anaogopa mwanawe asije akachekwa. Mwalimu naye ana darasa lililofurika; tangu ada ya shule ya msingi ifutwe mwaka 2005 watoto wamekuja kwa wingi, na anayesimama peke yake mbele ya umati ule hupata nafuu akipunguziwa hata mmoja. Watu wazima watatu wanakubaliana, na mtoto hakuulizwa.

Katika shule moja ya Ngagara mtoa mada alimkuta mvulana wa darasa la nne amekaa chini ya mwembe, magongo yamelala kando, akilinda mikoba ya wenzake. Aliifahamu yote: huu wa fulani, zipu imekufa, ule wa fulani, una daftari moja tu. Mpira ulipotoka nje ya mstari na kubingirika hadi kwake, aliurudisha kwa mkono mmoja, moja kwa moja kifuani kwa mchezaji aliyekuwa mbali. Hakuna aliyeshangaa. Walikuwa wamezoea.

Anayetembea kwa magongo ana mabega na mikono ambayo wenzake hawana. Mpira wa wavu wa kukaa umejengwa juu ya nguvu hiyo. Uwanja wake ni mita 10 kwa 6. Wavu hufungwa sentimita 115 kutoka chini kwa wanaume na 105 kwa wanawake. Makalio hayaruhusiwi kuachana na ardhi wakati wa kupiga mpira. Jirani zetu wa Rwanda walipeleka timu ya wanaume kwenye Paralimpiki ya London mwaka 2012 na ya wanawake kwenye ile ya Rio mwaka 2016. Mwalimu wa shule ile alipokubali kujaribu, alifunga kamba kati ya miti miwili na kuwakalisha watoto wote, wazima na walemavu. Kwa dakika kumi za mwanzo wenye miguu mizima walihangaika kusogea. Mvulana wa magongo alikuwa amekwisha kufika.

Ngagara ina bahati nyingine ambayo haisemwi sana. Mtaa huu, ambao wazee bado huuita OCAF kwa jina la ofisi ya Wabelgiji iliyoujenga miaka ya 1950, uko kwenye tambarare. Kiti cha magurudumu kinapita, angalau mpaka mvua inapogeuza uwanja kuwa tope.

Kwa wasioona ipo goliboli, iliyobuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Mpira wake una kengele ndani. Chupa ya plastiki yenye vijiwe, ikifungwa matambara na maganda makavu ya mgomba, hufanya kazi hiyo hiyo.

Kikwazo ni imani kwamba kipindi cha michezo kipo ili kumtafuta Vénuste Niyongabo mwingine, aliyetuletea dhahabu ya mita 5,000 kutoka Atlanta mwaka 1996. Hata kwa hesabu hiyo tunajipunja: Rémy Nikobimeze alituwakilisha Beijing mwaka 2008, Burundi iliposhiriki Paralimpiki kwa mara ya kwanza.

Mapendekezo yafuatayo mengine yalikwisha kutolewa, nayo yanarudiwa kwa kuwa hayajatekelezwa. Barua ya kusamehewa iwe na tarehe ya mwisho. Itaje zoezi linalokatazwa, na chini yake daktari aandike yanayofaa. Isipokelewe bila mtoto kuulizwa mwenyewe anataka kucheza nini. Shule isiiombe kamwe. Kazi ya kulinda mikoba ikomeshwe. Mikoba ibaki darasani, mlango ufungwe. Wanafunzi wa Taasisi ya Elimu ya Viungo na Michezo ya Chuo Kikuu cha Burundi waje kufanya mazoezi ya ualimu kwenye madarasa yenye watoto hawa. Wakaguzi wanapohesabu waliohudhuria kipindi, wahesabu pia waliokaa pembeni. Na barua, tunarudia, iwe na tarehe ya mwisho.

Wakuu wa shule wanaombwa kununua kamba kabla ya masomo kuanza Septemba. Mita nane zinatosha: sita za upana wa uwanja, na moja kila upande ya kufungia.