Matembezi ya Mama Mwenye Mimba, Bila Kitunga

Kutembea kwa miguu ni mazoezi yanayomfaa mama mwenye mimba kuliko mengi mengine: hayana gharama, na mwili umeyazoea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2020, linashauri mwanamke ambaye mimba yake haina matatizo afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa juma, sawa na nusu saa kwa siku tano. Kipimo cha mwendo ni maongezi: pumzi ipande, lakini mama aweze kuzungumza bila kukatizwa.

Katika mimba, damu huongezeka kwa karibu nusu ya kiasi cha kawaida, na moyo hulazimika kuisukuma. Misuli ya miguu ikifanya kazi, damu hupanda vizuri na uvimbe hupungua. Choo kigumu hulainika, usingizi huja, na hatari ya kisukari cha mimba na ya tansio (shinikizo la juu la damu) hushuka. Hofu kwamba matembezi hutoa mimba haina msingi kwa mama mwenye afya.

Lakini Alunguli, sehemu ya mji wa Kindu iliyo kwenye ukingo wa kuume wa mto Lualaba, ushauri huo haukamiliki bila kutaja mzigo. Wanawake wengi wa hapa wanatembea tayari: shambani, mtoni, kivukoni kwenda kuuza ng'ambo. Hatua hazikosekani hata kidogo. Kinachoumiza ni kitunga. Muhogo mbichi umejaa mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso, shingo imesukumwa mbele, na tumbo nalo linavuta upande wake. Viungo vya nyonga vimelegezwa na homoni, kwa hiyo kiuno ndicho kinacholipa. Hiyo ni kazi nzito, wala isihesabiwe kuwa mazoezi. Kubeba mizigo mizito siku kwa siku kumehusishwa na kuzaa kabla ya wakati. Kitunga kichukuliwe na mume au shemeji, au kifungwe kwenye baiskeli, mama arudi nyumbani mikono mitupu. Mwanamume anayeona aibu kumbebea mke wake muhogo na sombe anapaswa kuishinda aibu hiyo.

Joto la Kindu ni la unyevu, hivyo asubuhi na mapema au jioni ndiyo saa nzuri, na maji ya kunywa yawepo. Mvua ikinyesha njia huteleza. Kandambili zilizolika soli zibaki nyumbani.

Si kila mama aanze tu. Malaria huacha wengi na upungufu wa damu, na ukiwa mkali, mazoezi yangoje matibabu. Vilevile kwa mwenye tansio ya mimba, kondo la nyuma lililokaa chini, au historia ya kuzaa kabla ya wakati: muuguzi wa kliniki ya wajawazito (CPN) ndiye wa kuulizwa kwanza. Damu au maji yakitoka, kizunguzungu, maumivu ya kichwa yasiyotulia, kifua kubana, tumbo kukaza mara kwa mara, au mtoto kupunguza kucheza, ni sababu ya kusimama na kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mwezi wa tisa matembezi yanaweza kuendelea, mafupi, karibu na nyumba na akiwa na mwenziwe. Familia ijue mapema nani atamsindikiza uchungu ukianza, na kama italazimu kuvuka mto usiku, mtumbwi wa nani utatumika.