Wawili Wawili Mlangoni

Somo letu limo katika Injili ya Luka, mlango wa 10, pale Bwana alipowatuma wanafunzi sabini wamtangulie, wawili wawili, bila mfuko wala viatu. Aliwaagiza wale vitu watakavyoandaliwa, na wasipopokewa, wakung'ute mavumbi na kuendelea na safari.

Leo tutawatazama vijana wanaojaribu kulifuata agizo hilo kwa namna yao. Ni wale wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao watu wengi huwaita Wamormoni. Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba imani yao si yetu. Wao hukiweka Kitabu cha Mormoni pamoja na Biblia kuwa maandiko matakatifu, na hawaukiri Utatu kama sisi tunavyoukiri katika Imani ya Nikea. Hata hivyo, katika mlango huo huo wa 10 Bwana alimweka Msamaria mbele ya mwanasheria awe mfano kwake. Mtu tusiyekubaliana naye katika mafundisho aweza kutuonyesha jambo.

Fikirini basi kijana wa miaka 19, mzaliwa wa Utah huko Marekani, aliyetumwa Japani. Hakuichagua nchi hiyo, alipangiwa. Atakaa huko miaka 2. Angekuwa msichana, angekaa miezi 18. Hapokei mshahara. Gharama zake hutoka katika akiba yake na katika mifuko ya jamaa zake. Kifuani amevaa kibandiko cheusi chenye jina lake, na pamoja na jina pameandikwa neno lenye maana ya Mzee. Mzee, naye ndevu hazijaota vizuri! Tena yuko katika nchi ambayo, kama kwetu, umri huheshimiwa sana.

Kwa miaka mingi ratiba yao imekuwa hivi: kuamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kunyosha viungo, kusoma maandiko peke yake, kisha kusoma pamoja na mwenziwe, kisha kujifunza lugha. Baada ya hapo hutoka, mara nyingi kwa baiskeli, wakiwa na shati jeupe na tai, jua liwake au mvua inyeshe. Saa nne na nusu usiku taa huzimwa. Siku moja katika juma ni ya kufua nguo, kununua chakula na kuandika nyumbani. Hadi mwanzo wa mwaka 2019 kijana huyo aliruhusiwa kuwapigia wazazi wake simu mara 2 tu kwa mwaka, wakati wa Krismasi na Siku ya Akina Mama. Tangu Februari mwaka huo waliruhusiwa kupiga kila juma.

Mwenziwe naye hakumchagua. Hulala chumba kimoja, hula pamoja, hutembea pamoja, na hawaachani mchana kutwa. Huenda mmoja hukoroma na mwingine hupenda kunung'unika. Hapo ndipo kijana hujifunza kwamba kumhubiria mgeni upendo ni kazi nyepesi kuliko kumvumilia yule mnayetumia sufuria moja.

Na ile lugha! Kijapani kina namna tatu za kuandika, na ile ngumu kuliko zote ina alama zaidi ya 2,000 ambazo watoto hufundishwa shuleni. Kuna maneno ya kumwambia mkubwa na mengine ya kumwambia rika. Kijana aliyekuwa msemaji hodari kwao huwa kama mtoto anayetambaa. Hubisha hodi, huinama, husema sentensi aliyoikariri, na mlango hufungwa kwa upole. Huenda mlango wa pili. Katika Japani Wakristo wa madhehebu yote hawafiki watu 2 katika kila 100, hivyo milango ya kufungwa ni mingi.

Siku moja mlango hufunguka. Huvua viatu, hukaribishwa ndani, na mama wa nyumba huleta kikombe cha chai ya kijani. Hapo pana mtihani, kwa maana Wamormoni hawanywi chai wala kahawa. Sisi wa Kenya tunajua maana ya kukataa chai ya mama wa watu! Lakini Wajapani wana kinywaji kingine cha shayiri iliyokaangwa, kisicho na majani ya chai, na hicho kijana huweza kukinywa. Akijua kushukuru na kuomba kwa unyenyekevu, mwenyeji hatahuzunika. Bwana alisema tule tutakavyoandaliwa. Nasi hatuoni dhambi katika kikombe cha chai. Ila twajiuliza: yale tunayoyakataa sisi kwa ajili ya imani, pombe ya arusi kwa mfano, twayakataa namna gani? Je, twamwacha mwenyeji akiwa na heshima yake, au twamwaibisha mbele ya wageni?

Wamormoni walifika Yokohama kwanza mwezi wa Agosti 1901. Mmoja wao, Alma Taylor, alikuwa na miaka 19. Alikaa zaidi ya miaka 8, akakitafsiri kitabu chao kwa Kijapani, kikachapishwa mwaka 1909. Walioongoka walikuwa wachache sana, hata mwaka 1924 kazi ikafungwa, isifunguliwe tena mpaka 1948.

Nasi Waanglikana twaijua habari ya namna hiyo. Krapf, aliyetumwa na C.M.S., alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka ule ule akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Hakuondoka. Alijifunza Kiswahili neno kwa neno, na kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufa. Kama angehesabiwa kwa idadi ya waliobatizwa, angeonekana ameshindwa.

Wapendwa, jambo linalotuchoma ni hili. Wazazi wale humtoa mwana wao akiwa katika ujana wake, na kulipa gharama. Sisi twafanya harambee kwa ajili ya arusi na kwa ajili ya mabati ya kanisa, na ni vema. Je, ni lini parokia yetu ilichangia nauli ya kijana mmoja akaitumikie Injili Turkana au Marsabit? Vijana wetu waliomaliza shule twawapa kazi ya kupanga viti, kisha twashangaa wakituacha. Paulo hakumwambia Timotheo angoje mvi.

Tena wako wanaorudi kabla ya muda, kwa ugonjwa au kwa huzuni. Tukimtuma wetu akarudi hivyo, tumpokee kama mwana, tusimnong'one. Wokovu wetu ni kwa neema, wala si kwa hesabu ya milango tuliyobisha.

Na vijana hao wa kigeni wakibisha kwako, maana kanisa lao lilikubaliwa rasmi nchini mwetu mwaka 1991, usiwafungulie mbwa. Wape maji ya kunywa. Ueleze tumaini lililo ndani yako kwa upole, kama Petro alivyoagiza. Lakini ili ulieleze, ni lazima ulijue; basi ifungue Biblia yako kabla hawajabisha.

Na tuombe. Ee Bwana wa mavuno, mavuno ni yako. Waangalie vijana walio mbali na mama zao usiku huu. Utuamshe sisi tuliokaa, utufundishe kutuma, kutoa na kupokea. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.