Mbio za Ngungu: tulichokusanya, na fasi tulikosea

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanamemba, Ngungu, na kuandikwa upya kwa ajili ya gazeti letu.)



Tuliombwa tusimulie mbio za mwezi wa kumi na moja. Wengi wenu mlikuwepo. Mlikimbia, ao mlisimama pembeni ya barabara mkicheka, kwa hiyo hatuwezi kudanganya. Lakini wafadhili hawakuwepo, na kuna mambo ambayo hata sisi tuliokuwepo hatujayazungumza vizuri.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili chetu kukimbia ni kukimbia tu. Mtoto anakimbia akienda masomo, mtu anakimbia vita, ni neno moja. Anayekimbia vita anaitwa mkimbizi, na karibu kila mtu aliyekaa kwenye benchi hizi ameitwa jina hilo, wengine mara mbili, wengine mara tano. Sasa wafadhili wetu wa Ulaya walituandikia barua. Walisema kwamba kwao, majira ambapo majani ya miti yanaanguka, watu wa mji mdogo wanakusanyika Jumapili moja, kila mtu anatoa pesa kidogo, wanakimbia kilometa tano ao kumi, na pesa ile inasaidia wagonjwa. Wakauliza: nanyi mnaweza kufanya hivyo?

Kwao lilikuwa swali la kawaida. Hapa, barua iliposomwa mbele ya kamati, kulikuwa kimya. Kisha mama mmoja mzee akasema: «Kama munataka kukimbia, mutujulishe mbele. Juu sisi tukiona mutu anakimbia, hatuulizake. Tunabebaka batoto na matela.» Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Juu ya nini tulikubali basi? Ni juu ya kipoyi. Wafadhili, kipoyi ni machela ya miti ambayo watu wanne wanaibeba mabegani. Kutoka vilima vya juu mpaka fasi kuna muganga, hakuna gari linalopita, na wakati wa mvua hata pikipiki inashindwa. Mwanamke akishikwa na uchungu usiku, ni vijana wanne chini na wengine wanne nyuma ya kupokezana, na njia ni utelezi mtupu. Kipoyi chetu cha zamani kilibaki wakati watu walikimbia, na tuliporudi tulikuta mtu alikwisha kukichoma kuni. Hatumlaumu, alikuwa na baridi. Tena kuna bili. Mwaka huu memba wetu mmoja alijifungua vizuri, lakini alikaa wiki tatu zaidi kwenye kituo kimoja cha afya, yeye na mtoto, juu ya deni. Hatutataja kituo. Nao hawana dawa za bure. Kasha ya ugonjwa ya chama ilikuwa tupu, kwa sababu wengi wetu tulirudi mikono mitupu baada ya kambi za pembeni ya Goma kuvunjwa mwezi wa pili 2025. Waliotoka Bulengo na Lushagala wanajua tulibeba nini: bidoni, sufuria, na mashiti yaliyopasuka.

Basi tulikuwa tunahitaji vipoyi viwili na kitu ndani ya kasha. Barua ilifika wakati huo.

Hatukuwa wa kwanza kupanga mbio fasi ambapo watu wanaogopana. Tuliwaeleza kamati habari za Tegla Loroupe wa Kenya, na tunairudia hapa kwa ufupi, sababu wengi mliuliza. Yeye ni Mpokot, wa upande wa Kapenguria. Mwaka 1994 alishinda marathoni ya New York, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuishinda, na 1995 akaishinda tena. Mwaka 1998 kule Rotterdam alivunja rekodi ya dunia kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 47, na mwaka uliofuata, Berlin, akaipunguza kwa sekunde nne. Mtu wa namna hiyo angekaa mjini akala pesa yake. Lakini kwao watu walikuwa wanauana juu ya ng'ombe: Wapokot, Waturkana, Wamarakwet, na Wakaramojong wa ng'ambo ya Uganda, kila upande na bunduki zake. Sisi wa Masisi tunajua ng'ombe, na tunajua bunduki. Hatuhitaji kufafanuliwa.

Mwaka 2003 alianzisha shirika la amani lenye jina lake, na shirika likaanza kupanga mbio za kilometa kumi. Hakuita wanariadha peke yao. Aliita wale wapiganaji wenyewe. Mwezi wa kumi na moja 2006, kule Kapenguria, wapiganaji 2,000 wa makabila sita walikimbia pamoja. Hebu mfikirie: mtu aliyekuja kuiba ng'ombe zako mwaka jana anahema karibu na sikio lako, na hana silaha, nawe huna.

Je, wizi wa ng'ombe uliisha? Haukuisha. Tunasema hivyo kwa sababu vijana wawili walitoka kwenye mkutano ule wakitangaza kwamba mbio zinaleta amani. Mbio zinaleta jasho. Lakini yeye aliendelea, mwaka baada ya mwaka, na tena 2016 ndiye aliyeongoza timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye michezo ya Olimpiki kule Rio. Walikuwa kumi. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma, na Rose Nathike Lokonyen mmoja wao ndiye alibeba bendera. Na wawili walikuwa Wakongomani, wa judo: Popole Misenga na Yolande Mabika, watoto wa upande wa Bukavu waliotenganishwa na jamaa zao na vita. Tuliposema Bukavu, mkutano mzima ulipiga makofi, kana kwamba Bukavu ni hapo nyuma ya soko.

Sasa tufike kwenye kosa letu, na ni letu sisi wa kazi ya vijijini, si la kamati. Tulitangaza kanisani na sokoni: «Wanaotaka kukimbia, waje kuandikisha majina.» Tulifungua daftari siku ya Jumatatu. Jumanne asubuhi kulikuwa mstari mrefu kutoka mlango wa ofisi mpaka barabarani. Wazee wenye fimbo. Wamama wenye mimba. Mama mmoja alitembea masaa manne. Tukafurahi kama wajinga, mpaka mzee mmoja alipouliza kama jeto zitatoka siku hiyo hiyo ao wiki ijayo.

Ninyi wanamemba mnajua. Wafadhili labda hawajui. Fasi hii, tangu miaka mingi, mtu wa shirika akifungua daftari na kuandika majina, maana yake ni kwamba kitu kitagawanywa: unga, mafuta, maharagwe, mashiti. Jina lisipoandikwa, hakuna chakula. Sisi tumefanya kazi hii zaidi ya miaka kumi, tumesoma mpaka chuo kikuu, na hatukufikiri hivyo hata kidogo. Tuliwaambia ukweli palepale. Wengine waliondoka kimya. Yule mama wa masaa manne akauliza: «Basi jina langu mulilichukua la kufanya nini?» Hatukuwa na jibu zuri. Tulichana kurasa zile mbele yao, tukamwomba samahani, naye akapewa chai na mahali pa kulala, akaenda kesho yake. Hakurudi kwenye mbio, na hatukumtarajia.

Kuanzia hapo hakuna jina lililoandikwa. Anayetaka kukimbia anakuja na kopo moja la maharagwe ao franga 500, anapewa kipande cha gunia chenye namba ya makaa. Asiyekuwa na kitu anakimbia hivyohivyo. Na yule mama mzee wa kamati tulimpa kazi ya kutangaza. Siku nne mfululizo alipita na megafoni, kilima kwa kilima, akisema siku, saa, na njia, na kwamba hakuna vita, ni mchezo. Tuliomba pia ruhusa kwa viongozi wa mahali, na walinzi wote waliambiwa. Kwa wafadhili jambo hili ni mistari miwili ndani ya ripoti. Kwetu ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Ile siku mvua ilinyesha usiku kucha, ikakatika alfajiri. Njia ilikuwa kutoka sokoni mpaka kwenye miti ya mikalitusi na kurudi, kama kilometa tano kwa mita ya pikipiki. Vijana wengi walikimbia peku, na waliovaa mabuti walijuta. Katikati ya njia kundi la ng'ombe lilikatisha, na mchungaji hakuwa na haraka yoyote, hivyo wa kwanza na wa thelathini walisimama pamoja wakimsubiri. Aliyeshinda ni kijana anayesukuma chukudu kila siku akiteremsha viazi, na hakuna aliyeshangaa. Alipata jembe.

Na pamoja na matangazo yote, mama mmoja aliyekuwa shambani aliona watu wanakuja wakikimbia, akatupa jembe lake, akamfunga mtoto mgongoni akaingia porini. Wakimbiaji watatu waliacha mbio wakamfuata polepole, wakitembea, wakimwita. Aliporudi alikuwa anatetemeka na anacheka pamoja. Wale watatu walifika wa mwisho. Kamati iliwapa sabuni.

Sehemu ya pili ilikuwa mbio za kipoyi, na hapo tulifuata mfano wa Kapenguria. Kila kikundi watu wanne, gunia la mchanga juu, mita mia nane. Sharti moja: wanne wasitoke kilima kimoja, na wasiwe wote waliorudi ao wote waliobaki. Mnajua kuna maneno gani kati ya waliobaki na waliorudi. Wa kwanza wanasema: ninyi mlikula msaada kambini. Wa pili wanasema: ninyi mlikula mashamba yetu. Katika kikundi kimoja walijikuta wapapa wawili wenye kesi ya shamba kwa chifu. Hatukupanga, ni kura. Tuliogopa wataangusha gunia kwa makusudi. Lakini kipoyi hakikubali hasira: mmoja akiharakisha, mwenzake anaanguka, na mzigo unamwangukia yeye mwenyewe. Walibeba mpaka mwisho, wakawa wa tatu. Kesi yao bado iko kwa chifu mpaka leo, tusiongeze chumvi. Jambo moja tu tumeliona: juma lililofuata, usiku, kipoyi kilipohitajika kwa kweli, mmoja alimpigia mwenzake mlango.

Hesabu. Maharagwe yalijaa magunia matatu kasoro kidogo. Tuliuza mawili, na kilichobaki kilipelekwa kwa familia zilizorudi zikakuta nyumba hazina paa. Pamoja na franga za wakimbiaji na mchango wa wafadhili uliofika kwa simu, tulipata dolari 186. Vipoyi viwili vipya vimeshonwa hapa hapa kwa fundi wetu, deni la yule mama limelipwa, na dolari 71 ziko ndani ya kasha yenye funguo tatu kwa watu watatu. Karatasi za matumizi zimebandikwa ukutani mwa ofisi, asiyejua kusoma aombe asomewe, ni haki yake.

Wafadhili, mliomba picha. Mtazipata za kipoyi, na za ng'ombe. Za wakimbiaji tumetuma chache, za wale waliokubali, maana kuna watu hapa ambao hawapendi sura zao zionekane wakiwa mbioni, na sababu yao mmeisikia. Dolari 186 si nyingi. Najua kwenu ni pesa ya viatu viwili vya kukimbilia, ao pungufu. Hatuombi msifu.

Kuhusu mwaka ujao, wamama wamekwisha kusema neno lao: mwezi wa kumi na moja ni wakati wa kupalilia, na nyumba nyingi chakula kimepungua, kopo la maharagwe ni chakula cha siku nzima. Wanataka mbio zisogezwe baada ya mavuno, hata kama kule Ulaya majani hayataanguka wakati huo. Vijana wanataka njia iwe ndefu zaidi, ipite kilima cha pili. Na yule mama mzee anataka betri mpya za megafoni. Tutapiga kura Jumapili ya pili, baada ya soko. Kipoyi kimoja kiko ofisini, cha pili kiko juu, kwa mwenyekiti wa kilima. Anayekihitaji apige mlango saa yoyote.