Harufu ya Gesi Nyumbani
(Hotuba iliyosemwa mbele ya wanachama wa Tassia)



Nimeombwa niseme juu ya gesi. Wengi wetu hurudi kutoka kazini usiku. Mtu hufungua mlango, ndani ni giza, na mkono wake huenda moja kwa moja kwenye swichi ya taa. Ndugu zangu, mkono huo ndio ninaotaka kuusema leo.

Gesi ya mtungi haina harufu yake yenyewe. Hutiwa dawa inayonuka kama kabeji iliyooza, ili tupate kujua inapovuja. Ukiinusa mlangoni, usiwashe taa. Na kama taa inawaka, usiizime. Swichi hutoa cheche ikiwashwa na hata ikizimwa, na cheche hiyo ndogo yatosha. Simu nayo iache mfukoni mpaka uwe nje, mbali.

Jambo la pili halijulikani sana. Dar es Salaam wanayo gesi asilia, inayoletwa kwa bomba kutoka Songo Songo tangu mwaka 2004. Ile ni nyepesi kuliko hewa, hupanda juu. Hii yetu ya mtungi ni nzito. Hushuka sakafuni, hutambaa chini ya kitanda, hupenya chini ya mlango na kuteremka ngazi. Mtungi ukivuja orofa ya tatu, jiko la makaa la orofa ya pili laweza kuilipua. Na watoto wetu wengi hulala wapi? Chini, juu ya godoro. Tazameni hesabu: gesi ikifika sehemu 2 katika 100 za hewa, hushika moto. Kwa chumba cha futi 10 kwa 10, hiyo ni kilo 1 hivi, na mtungi mdogo una kilo 6.

Basi watoe watoto kwanza. Acha mlango wazi. Kama waufikia mtungi bila hatari, funga rigyuleta. Gonga milango ya jirani kwa mkono, usibonyeze kengele. Waambie wasiwashe kitu, washuke. Ukiwa mbali ndipo upige 999. Baadaye, harufu ikiisha kabisa, tundu hutafutwa kwa povu la sabuni. Wako watu wanaolitafuta kwa kiberiti! Wengine huulaza mtungi, au huutia katika maji ya moto, wapate gesi ya mwisho. Waacheni kabisa mchezo huo.

Lakini si kila hatari imo jikoni mwetu. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, hapa Embakasi, mtaa wa Mradi, lori la gesi lililipuka. Watu zaidi ya 270 waliumia, na wengine walikufa. Mamlaka ya Nishati na Petroli ilisema kwamba mwaka 2023 ilikataa mara 3 maombi ya kujenga kituo pale, kwa kuwa watu wamejaa mno. Gesi ikajazwa vivyo hivyo. Majirani waliona malori yakiingia, ila nani angewasikiliza, mmoja mmoja?

Kwa hiyo kamati yataka kila ploti ichague watu wawili. Wajue swichi kuu iko wapi, wamwone mwenye nyumba juu ya mahali pa kuweka mitungi nje, na wakiona mitungi ikijazwa uani watuletee habari, tuipeleke kwa jina la chama. Majina apewe katibu kabla ya mkutano ujao.