NYAMA GHALI YA KIJAPANI: JE, INASTAHILI GHARAMA YAKE?
(Mawaidha kwa vijana na wazazi wa Kiirua katika mwezi mtukufu wa Ramadhan)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwendo wake. Amma baad.



Mada yetu ni nyama. Najua kuzungumzia nyama na mtu aliyefunga ni kumtia mtihanini, lakini vumilieni, magharibi haiko mbali in shaa Allah. Wengi wenu mmeona kwenye simu ile nyama ya Kijapani iitwayo wagyu, nyekundu iliyochorwa mistari myeupe ya mafuta kama marumaru, mtu akiikata utadhani anakata siagi. Na swali limeanza kuzunguka: tukichanga pesa za Iddi, si tuagize hiyo kutoka Nairobi nasi tuonje? Wengine wanasema ni haramu, wengine wanasema ni maendeleo. Haifai kuhukumu jambo bila kulijua, basi tulitazame.

Nyama yenyewe ni ipi?

Neno wagyu maana yake ni ng'ombe wa Kijapani, basi. Ziko koo nne za ng'ombe hao, na ule mweusi ndio mashuhuri zaidi. Zamani walikuwa ng'ombe wa kazi, wakilima mashamba ya mpunga kama maksai wetu wanavyolima. Wajapani kwa karne nyingi walijizuia sana kula nyama ya ng'ombe, mpaka mwaka 1872 mfalme wao Meiji alipoila hadharani ndipo ikaanza kuenea.

Ubei wake una sababu. Ng'ombe huyu hulishwa nafaka na majani makavu kwa muda mrefu, mara nyingi mpaka afikishe miezi 28 au 30 ndipo achinjwe. Hebu piga hesabu ya chakula hicho chote! Halafu kuna uzazi uliochaguliwa kwa miaka mingi ili mafuta yaingie ndani ya nyama yenyewe badala ya kukaa nje tu. Nyama ikitoka machinjioni hupimwa. Herufi A, B au C huonyesha kiasi cha nyama kinachopatikana kwenye mwili wa mnyama, na namba 1 hadi 5 huonyesha ubora. Mistari ya mafuta nayo ina kipimo chake cha 1 mpaka 12. Ile ya A5 mafuta yanaweza kuzidi thuluthi ya uzito. Zile hadithi kwamba ng'ombe hao wananyweshwa pombe na kukandwa kila siku, zisikutisheni sana. Si desturi ya kila mfugaji.

Lakini jihadharini na jina. Nyama nyingi inayouzwa duniani kwa jina hilo haikutoka Japani. Australia ina kundi kubwa la ng'ombe wa asili hiyo, na wengi wao ni machotara. Jina la Kobe nalo ni la ng'ombe wa ukoo maalum waliozaliwa na kulelewa katika mkoa mmoja tu wa Japani, uitwao Hyogo. Kwa hivyo unaweza kulipa bei ya A5 ukaletewa kitu kingine kabisa, na wewe hujui tofauti.

Je, ni halali?

Ng'ombe ni ng'ombe, awe wa Japani au wa Timau. Asili yake ni halali. Kinachoulizwa ni uchinjaji: nani kachinja, na vipi? Japani yako machinjio yenye vyeti vya halali, na nyama hiyo husafirishwa mpaka nchi za Ghuba, Malaysia na Indonesia. Lakini si kila pakiti iko hivyo. Neno wagyu halikwambii lolote kuhusu kuchinjwa. Basi anayetaka kununua aulize cheti kwanza, bei baadaye. Akikosa jibu la wazi, aache. Kuacha lenye shaka ni salama ya dini yako.

Na je, kula kitu kizuri cha bei ni dhambi? Hapana, wala tusiwe wakali kuliko sheria. Katika Sura ya al-A'raf, aya ya 31 na ya 32, Mola wetu ametuamuru tule na tunywe bila kufanya israfu, kisha papo hapo akawalaumu wanaoharamisha vizuri alivyowatolea waja wake. Tazama, zote mbili zimekaa pamoja. Mwenye uwezo aliyetoa zaka yake, asiyedaiwa, na ambaye watu wa nyumbani kwake hawakosi haja zao, akila steki yake ya bei hatuna la kumwambia isipokuwa bismillahi.

Israfu inaanza pale unapovuka kiwango chako. Kijana anayekopa kwenye simu ili anunue nusu kilo ya nyama aipige picha, huyo hakununua nyama, amenunua macho ya watu. Na deni la simu halingoji Iddi ipite.

Kwa jiko letu inafaa?

Hapa mama zangu mtanisaidia. Nyama hii inataka kukatwa vipande vyembamba, ipitishwe kwenye kikaango dakika chache, chumvi kidogo, iliwe kidogo kidogo. Mafuta yake huyeyuka upesi mno. Sasa sisi tunapikaje? Tunachoma juu ya makaa mpaka iive kabisa. Ukiiweka wagyu hapo, mafuta uliyoyalipia yatadondokea motoni, moshi utapanda, na utabaki na kipande kilichoungua. Ukiitia kwenye pilau, bizari, iliki na mdalasini vitaifunika, usijue ni ya Japani au ni ya bucha ya hapo barabarani. Na kwa mtu aliyeshinda na njaa tangu alfajiri, bonge la mafuta namna hiyo ni mzigo kwa tumbo. Mtume (SAW) ametufundisha thuluthi ya chakula, thuluthi ya maji na thuluthi ya pumzi.

Halafu tunasahau tulicho nacho. Sisi wa Kiirua tukiteremka kidogo tuko Isiolo, kwenye soko la mifugo, na upande wa pili ni Laikipia na ranchi zake. Huku ndiko kwa ng'ombe wa Boran, aliyeletwa na wafugaji wa Kiborana kutoka nyanda za kusini mwa Ethiopia. Wafugaji wa ranchi walimchagua na kumboresha, na chama chao cha uzazi kilianzishwa mwaka 1951. Leo Boran wa Kenya anafugwa mpaka Afrika Kusini na Australia, na anasifiwa kwa nyama yake. Wenzetu wa mbali wanamtafuta, na sisi tuliolala karibu naye tunatazama simu! Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mnataka nyama yenye mistari ya mafuta? Mwambieni mwenye bucha awakatie nundu. Nundu ya ng'ombe wetu ina mafuta yaliyopenya ndani ya nyama kwa asili yake. Ipike kwa moto mdogo, saa mbili au tatu, na vitunguu na viazi vya hapa hapa Kiirua, halafu uniambie. Na kifua pia, kikipikwa taratibu, kitakupa supu ya kumwamsha mgonjwa.

Hesabu ya Iddi

Sasa fanyeni jambo moja. Ulizeni bei ya kilo moja ya hiyo wagyu, halafu igawanyeni kwa bei ya kilo moja hapa sokoni. Tuseme, kwa mfano tu, mmepata 15. Maana yake ni kwamba kilo moja ile ni sawa na kilo 15 hizi. Ukimpa kila mtu robo kilo, kilo 15 ni watu 60. Kilo moja ile, kwa robo kilo, ni watu 4. Tuulizane basi: siku ya Iddi, sisi Waislamu wa huku ambao ni wachache na tunajuana kwa majina, tufurahi wanne au tufurahi sitini?

Msisahau kwamba mbele ya nyama kuna zakatul fitri, pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumbani, nayo hutolewa kabla ya sala ya Iddi. Na kumfuturisha aliyefunga kuna ujira kama wa mfungaji mwenyewe. Mtume (SAW) alimuusia Abu Dharr kwamba akipika mchuzi aongeze maji, awakumbuke majirani. Wagyu haina mchuzi wa kuongezwa maji, jamani!

Na kumbukeni ukame wa 2020 hadi 2023. Mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa kaskazini mwa nchi yetu, Isiolo ikiwemo. Kuna mfugaji ambaye mpaka leo anajenga kundi lake upya kwa ng'ombe wawili watatu. Ukinunua fahali kwake, pesa yako inaingia kwenye nyumba inayofunga kama wewe. Sayyidna Umar (RA), mwaka wa ukame uliowapata watu wa Madina, alijinyima nyama na samli mpaka watu wapate nafuu, na alikuwa ni kiongozi wa Waislamu wote. Sisi hatujaambiwa tujinyime kiasi hicho. Tumeombwa tuangalie upande tu.

Kwa hivyo jibu langu ni hili. Nyama hiyo ina ubora wa kweli na bei yake ina sababu. Mwenye nayo, ikiwa imechinjwa kwa halali, na aonje kidogo amshukuru Mola wake. Lakini kwa pesa za mchango wa vijana, kwa sufuria zetu na kwa sikukuu yetu, haistahili gharama. Chukueni mchango huo, nendeni mkanunue fahali mmoja mzuri wa Boran, noeni kisu vizuri kama tulivyoamrishwa, mchinje wenyewe mkijua mmechinja vipi. Nundu wapelekeeni wazee. Mifupa ya supu isiwe ndiyo fungu la maskini peke yake, mpeni na nyama laini pia. Na jirani asiye Muislamu naye apate sahani, kwani jirani ana haki yake. Kizuri kula na mwenzio.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu, atubarikie riziki zetu, na awape mvua na malisho ndugu zetu wafugaji. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.