Kipimo Hakisemi Nani Alianza

Leo tunazungumzia mjamzito kupima damu kliniki.

Kina mama wengine hutoka na amani, maana wamejua hali zao. Wengine huenda na wasiwasi: damu yenyewe ndogo, ikitolewa tena si itakwisha? Haiishi, dada. Vipimo vingi huhitaji tone tu la kidoleni.

Kinachotafutwa ni nini? Kwanza, wingi wa damu. Ukiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, una upungufu, na ukivuja damu nyingi wakati wa kujifungua maisha yako yatakuwa hatarini. Kwetu huku Kilosa, kwenye mabonde ya mpunga, mbu wa masika huleta malaria, na malaria hupunguza damu. Ndiyo maana nayo hupimwa. Kuna pia kundi la damu, kaswende na virusi vya UKIMWI. Kaswende isiyotibiwa huweza kuua mtoto tumboni, lakini hutibika kwa sindano ya penisilini.

Tuseme ukweli: wengi hawaogopi sindano, wanaogopa majibu yakifika nyumbani. Aliyepimwa kwanza ndiye huambiwa kaleta ugonjwa. Kina baba, mke hupimwa kwanza kwa sababu ndiye aliyetangulia kliniki. Kipimo hakisemi nani alianza. Tena majibu ya mke si majibu ya mume: mmoja anaweza kuwa na virusi, mwenzake asiwe navyo. Ukitaka kujua yako, toa kidole chako.

Na kujua kunaokoa. Bila dawa, katika watoto 100 wa mama wenye virusi, 15 hadi 45 huambukizwa. Mama akinywa dawa ipasavyo, idadi hiyo huweza kushuka chini ya 5. Tangu 2013, mjamzito akikutwa na virusi Tanzania huanzishiwa dawa za maisha, hata kama kinga yake haijashuka. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 nayo inamtaka mhudumu atunze siri.

Basi mama, kabla ya kunyoosha kidole, uliza: mnapima nini, majibu lini, nani atayaona? Wahudumu, mjibuni bila kumkaripia. Na wewe usiye na mume wa kukusindikiza, njoo hivyo hivyo. Mimba haimsubiri mtu.