Salome ni wa nani?

Baada ya taarifa ya habari, sasa uchambuzi. Leo tunautazama wimbo mmoja: Maria Salome.

Msikilizaji wa Nkwenda, hapa Kyerwa, kwa wimbo huu hukuhitaji mkalimani. Saida Karoli, binti wa Kagera hii hii, aliutoa mwaka 2001, Kihaya kikitangulia na ngoma zikifuata, na nchi nzima ikacheza hata pale isipoelewa neno. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaurudia kwa jina la Salome. Mdundo wa mjini, beti mpya, kiini kile kile.

Kwa nini hili likuhusu? Kwanza, faida ipo. Vijana waliokuwa wachanga enzi za Saida walimfahamu kupitia marudio hayo, na mwaka 2017 naye akatoka na wimbo wa Orugambo. Mimi nasema hilo si dogo.

Lakini tugeuze upande wa pili. Kumbuka wimbo wa Malaika: Fadhili William aliurekodi, Adam Salim akadai ni wake, Miriam Makeba na Boney M wakaupeleka duniani, na ubishi wa mtunzi ukabaki huku nyumbani.

Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Sawa, kama mtunzi anajulikana. Nyimbo zetu za harusi, zisizojulikana mtunzi, je? Kijana wa Kyerwa akirekodi wimbo aliofundishwa na bibi yake, ukapendwa, pesa zikaingia: alipwe nani?